Wenyeji Waulizwe Kabla ya Msingi Kuchimbwa

Hotuba kwa wakazi wa Nyakalengija na wajumbe kutoka Kasese na Bwera



Mara nyingi polisi hukutana nanyi jambo likiwa limekwisha kuharibika: mbuzi ameibwa, mtoto amepotea, ugomvi wa mpaka wa shamba umeleta majeraha. Leo tumekuja mapema. Hatukuleta mradi wa mtu yeyote, wala hatuna karatasi tunayotaka mtie sahihi. Tumekuja kuzungumza juu ya jambo linaloweza kubisha hodi katika mji wowote ulio mpakani au upokeao wageni, nalo ni ombi la kufungua nyumba ya kamari, yaani kasino, na namna wenyeji wanavyopaswa kuulizwa kabla ombi hilo halijaamuliwa.

Tueleze msimamo wetu tangu mwanzo ili asitokee mtu wa kutusingizia. Polisi haitoi leseni ya kasino. Hatukuja kuwashawishi muikubali, wala hatukuja kuwachochea muikatae. Lakini nyumba ya namna hiyo ikifunguliwa, sisi ndio tutakaoitwa usiku wa manane. Na ikifunguliwa pasipo wenyeji kuelezwa, sisi ndio tutakaosimamishwa kati ya mwenye jengo na wenye kijiji. Hatupendi kufikishwa hapo. Tunapenda neno la wananchi lisikike wakati ambapo bado linaweza kubadilisha kitu.

Pengine mtu atauliza: kwa nini kuyasema haya hapa Nyakalengija, mahali penye mto, mashamba ya kahawa na njia ya kupandia mlima? Jibu ni kwamba kijiji hiki ni mlango. Wageni kutoka mabara yote hupita hapa wakielekea Nyabitaba na kuendelea juu hadi kilele cha Margherita, mita 5,109 juu ya usawa wa bahari. Vijana wetu huwaongoza na kuwabebea mizigo, wengi wao kupitia Rwenzori Mountaineering Services, chama kilichoanzishwa na wenyeji wenyewe. Kijana aliyebeba mzigo kwa muda wa juma zima, akavuka matope na baridi, hushuka akiwa na ujira wake wote kwa mkupuo. Kule Bwera, mfanyabiashara wa soko la Mpondwe hurudi jioni na fedha taslimu za nchi mbili. Mkulima wa kahawa naye hulipwa kwa msimu. Mwenye meza ya kamari hupatazama kwanza mahali ambapo watu hushika fedha nyingi kwa wakati mmoja na kisha hukaa muda mrefu bila kushika nyingine. Ndiyo maana mazungumzo haya yanatuhusu.

Tuwe waadilifu pia kwa upande wa pili. Anayeomba kujenga kasino huja na hoja ambazo hazifai kubezwa. Atasema kwamba kutakuwa na ajira ya wapishi, walinzi na wasafishaji. Kwamba mgeni aliyeshuka mlimani atalala usiku mmoja zaidi. Kwamba Serikali itapata kodi. Wazee wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Swali la kuuliza ni kama mwenyeji atapona kweli, na ni mwenyeji gani: mwenye kiwanja, au na mke wa mpagazi anayesubiri karo ya watoto?

Sasa tuangalie sheria. Nchini Uganda michezo ya kubahatisha inaongozwa na Sheria ya Bahati Nasibu na Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2016. Sheria hiyo ilichukua nafasi ya sheria za miaka ya 1960, na ikaunda bodi ya taifa yenye jukumu la kutoa leseni na kusimamia kasino, nyumba za kubeti na mashine za kamari. Sheria hiyo hiyo inamkataza mtu aliye chini ya umri wa miaka 25 kushiriki katika michezo hiyo. Tunarudia: si miaka 18, ni miaka 25. Kwa hiyo zile mashine za kumeza sarafu zinazowekwa kwenye kona ya duka, ambazo watoto huzichezea wakitumwa kununua chumvi, zimevunja sheria hata kabla hatujauliza kama mwenye duka ana leseni. Mzazi akiiona mashine ya namna hiyo atuarifu. Asiivunje kwa mikono yake, kwa maana mashine iliyovunjwa hupoteza ushahidi na humwingiza mwenye haki katika kesi.

Leseni ya bodi peke yake haijengi nyumba. Jengo linahitaji kibali cha kamati ya mipango ya ardhi ya serikali ya mtaa, chini ya Sheria ya Mipango ya Ardhi ya mwaka 2010. Mradi mkubwa hupimwa athari zake kwa mazingira na kwa jamii chini ya Sheria ya Taifa ya Mazingira ya mwaka 2019, na katika upimaji huo wananchi wanaoguswa hutakiwa kusikilizwa. Vilevile, Sheria ya mwaka 2005 ya Kupata Taarifa inampa raia haki ya kuomba nyaraka zilizo mikononi mwa Serikali. Tunayataja haya ili mjue kwamba milango ya kubisha ni mingi, na kwamba mwananchi anayeuliza hafanyi fujo. Anatumia haki yake.

Wako wanaosema: basi kasino na iwe ya kabila, kama huko Marekani, ili faida ibaki nyumbani. Neno hili linavutia, na linafaa kuchunguzwa kwa makini.

Ni kweli kwamba Marekani makabila ya wenyeji wa asili humiliki kasino. Bunge la nchi hiyo lilitunga sheria maalumu mwaka 1988. Lakini makabila hayo yanatambuliwa kuwa serikali: yana ardhi yao, mabaraza yao na mara nyingi mahakama na polisi wao. Tena sheria hiyo inaagiza faida itumike kwa mambo yaliyotajwa, kama vile kuendesha serikali ya kabila, ustawi wa watu wake, maendeleo ya uchumi na misaada. Kabila likitaka kujenga kasino katika ardhi lililoipata baada ya tarehe 17 Oktoba 1988, nje ya makazi yake, kwa kawaida waziri mhusika hulazimika kwanza kushauriana na viongozi wa jimbo, viongozi wa miji ya karibu na makabila jirani. Ni lazima aridhike kwamba mradi utalifaa kabila na hautawadhuru majirani. Hata baada ya hapo, gavana wa jimbo naye lazima akubali.

Na bado kushauriana huko hakumalizi mambo ikiwa majirani wanaona hawakusikilizwa. Katika jimbo la California, kabila la North Fork liliomba kujenga kasino karibu na Madera, umbali wa makumi ya kilomita kutoka makazi yake. Gavana alikubali, na bunge la jimbo likaidhinisha mkataba. Baadhi ya makabila jirani yenye kasino zao yalipinga. Mwezi Novemba 2014 jambo lilipelekwa kwa wapiga kura wa jimbo zima, nao wakaukataa mkataba ule. Kabila halikukata tamaa, likafuata njia nyingine ya kisheria, na shauri likaendelea kwa miaka mingi. Hatusemi nani alikuwa na haki. Tunaona tu kwamba jirani ambaye hoja yake haikutatuliwa mwanzoni huja kuileta mwishoni, wakati fedha zimekwisha kutumika na mioyo imekwisha kuwa migumu.

Hapa kwetu hali ni tofauti. Obusinga bwa Rwenzururu ulitambuliwa rasmi na Serikali mwaka 2009, na Katiba, katika ibara ya 246, inaulinda uongozi wa mila na kuuruhusu kumiliki mali kwa niaba ya watu wake. Ibara hiyo hiyo inasema kiongozi wa mila hatumii mamlaka ya utawala ya Serikali wala ya serikali za mitaa. Maana yake ni kwamba hakuna kabila nchini Uganda linaloweza kujipa leseni ya kasino lenyewe. Anayewaambia kwamba mradi fulani ni wa kabila, na kwa hiyo hauhitaji bodi wala halmashauri, anawadanganya. Na anayewaambia kwamba wazee wa mila wasiulizwe kwa kuwa hawatoi leseni, naye anakosea. Wazee ndio wanaojua mahali pa kuheshimiwa palipo njiani, na ndio wanaosimulia habari za Kitasamba, ambaye kwa imani ya Wakonzo makao yake yamo katika theluji ile juu. Mambo hayo hayataandikwa katika ramani ya mhandisi kama hakuna aliyewauliza. Tena hapa Kasese hatuishi Wakonzo peke yao. Wasongora na jamii nyingine wana sauti, na mradi unaobeba jina la kabila moja unaweza kumfanya jirani ajione mgeni katika wilaya yake.

Hatuhitaji kwenda Marekani kujifunza gharama ya kutoulizwa. Msitu wa milima hii ulifanywa hifadhi ya misitu mwaka 1941, na mwaka 1991 ukawa mbuga ya taifa. Mwaka 1994 ukaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Heshima hiyo ni kubwa. Lakini familia zilizozoea kupata mianzi, asali na dawa za miti shamba ziliona mstari umechorwa kati yao na riziki yao, na uhusiano wao na walinzi wa mbuga ukawa wa kukimbizana. Baadaye zilikuja njia za makubaliano: wenyeji wakaruhusiwa kuchuma mazao fulani kwa utaratibu, na sheria ikatenga asilimia 20 ya ada za kuingia mbugani kwa ajili ya jamii zinazoizunguka. Makubaliano hayo yangaliweza kutangulia mstari, na miaka ya uhasama ingalipungua.

Upo na mfano wa upande wa pili. Mwezi Juni 2019 Ebola ilivuka kutoka Kongo na kuthibitishwa hapa Kasese. Wakati huo maelezo yalikuwa yametangulia kufika makanisani, misikitini, sokoni na shuleni. Watu walijua dalili, walijua nani wa kumwita, walikubali kunawa na kupimwa joto mpakani ingawa foleni ilichosha. Ugonjwa haukuenea kutoka kijiji hadi kijiji upande wetu. Wahudumu wa afya walifanya kazi kubwa, na wananchi waliwasaidia kwa sababu walikuwa wameelezwa mapema.

Basi, ikitokea siku moja mtu akaja na ombi la kasino, iwe hapa, Kasese mjini, au kule Mpondwe, kumuuliza mwenyeji kuwe kwa namna gani? Tunatoa mawazo yetu, nanyi mtayaongeza.

Kwanza, habari zije kabla ya uamuzi. Kikao kinachoitishwa wakati vigingi vimekwisha kupigwa na mawe yamekwisha kumwagwa ni cha kutangaza tu. Mwombaji aeleze ni nani mwenye mali, fedha zinatoka wapi, nyumba itakuwa wapi na itafunguliwa saa ngapi, na ameomba kibali gani na kipi bado.

Pili, habari zije kwa lugha inayoeleweka. Karatasi ya kurasa 200 kwa Kiingereza iliyowekwa ofisini Kasese haijamfikia bibi wa huku mlimani. Yasemwe kwa Lukonzo na kwa Kiswahili, na yasomwe kwa sauti, maana wako wenye hekima kubwa ambao hawakupata kusoma.

Tatu, siku ichaguliwe vizuri. Ukiitisha kikao siku ya soko la Mpondwe, umewafungia nje wanawake wanaouza. Ukikiitisha wakati wa kuchuma kahawa, umewafungia nje wakulima. Kina mama wapewe pia nafasi ya kukaa peke yao, kwa kuwa mwanamke ambaye mumewe hupoteza mshahara katika kubeti hatasimama kulisema hilo mbele yake. Vijana nao waulizwe, si kuhubiriwa tu. Wengi wao wanajua kuhusu kamari kuliko sisi tunaovaa sare.

Nne, na hili tunaomba mlishike sana, sahihi ya mahudhurio isigeuzwe kuwa sahihi ya ridhaa. Mnajua desturi ya mikutano yetu: mtu hufika, huandika jina lake, hupewa soda na nauli, kisha huenda zake. Karatasi ile isiyo na kichwa cha maneno inaweza kuambatishwa kwenye ombi na kuambiwa kwamba wananchi wamekubali. Kwa hiyo kabla ya kuandika jina, tazameni juu ya ukurasa. Pawe pameandikwa: haya ni mahudhurio, si makubaliano. Kama hapajaandikwa, mwenyekiti wa kijiji aandike kwa mkono wake, kwenye kila ukurasa.

Tano, yaliyosemwa yaandikwe na yarudishwe. Kumbukumbu za kikao zisomwe kabla watu hawajatawanyika, na nakala ibaki kwa mwenyekiti wa LC 1. Uamuzi ukitoka, wananchi waelezwe ni hoja ipi ilikubaliwa, ipi ilikataliwa, na kwa nini. Mtu anaweza kuvumilia kukataliwa hoja yake akielezwa sababu. Akipuuzwa, hukasirika, na hasira hiyo hukaa muda mrefu.

Kwa sisi tulio mpakani yako maswali ya ziada ambayo mtu wa Kampala hatayakumbuka. Kasindi iko hatua chache ng'ambo ya pili. Leseni ya Uganda haivuki mpaka, lakini wachezaji wanavuka, na fedha zinavuka. Kasino ni mahali ambapo fedha chafu zinaweza kuingia zikitoka katika magendo na kutoka zikiwa na sura ya ushindi halali. Ndiyo maana Sheria ya Kuzuia Utakatishaji Fedha ya mwaka 2013 inaihesabu kasino kati ya biashara zinazolazimika kumtambua mteja na kutoa taarifa za miamala yenye mashaka. Mwombaji aulizwe hadharani: atalitimizaje hilo mahali ambapo wateja wake wengi watakuja na vitambulisho vya nchi nyingine? Tena, mji huu wa mpaka umeonja uchungu. Mwezi Juni 2023 washambuliaji waliiingilia shule ya sekondari pale Mpondwe na kuua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Nyumba yoyote itakayokusanya watu na fedha usiku karibu na mpaka lazima ieleze itakavyolindwa, na nani atalipia ulinzi huo. Askari wachache tulio nao hawawezi kuondolewa kwenye barabara za shule ili walinde meza za kamari.

Ndugu zetu, tunajua tunapoomba mtuamini hatuombi jambo jepesi. Machozi ya Novemba 2016 hayajakauka katika nyumba nyingi za Kasese, na hotuba moja haiwezi kuyakausha. Kwa sababu hiyo hiyo hatutaki kutumwa kwenu siku moja kutekeleza uamuzi ambao hakuna aliyewaeleza. Ahadi zetu ni chache, ili tuweze kuzitimiza. Tukiulizwa maoni kuhusu usalama wa mradi wa namna hiyo, tutakuja kuwasikiliza kwanza, na tutawaeleza tulichoandika. Kwenye kikao cha kuulizana tutalinda utulivu tu. Hatutaketi meza moja na mwombaji. Atakayepinga kwa maneno na atakayeunga mkono kwa maneno, wote tutawalinda. Na mzazi atakayetuarifu kuhusu mashine inayochezewa na watoto, jina lake halitatajwa.

Nanyi tunawaomba jambo moja. Mkirudi nyumbani, msingoje ombi lije. Kila kijiji kikae na kuzungumza: tukiulizwa, tutasema nini? Nani atasema kwa niaba ya wapagazi, nani kwa niaba ya kina mama wa soko, nani kwa niaba ya wazee? Andikeni mkubaliane. Mwombaji akija, atakuta watu wanaojua wanachokitaka na wanachokikataa, naye kama ni mtu mwema atashukuru, kwa kuwa atajua mapema kama ajenge au aende zake.

Sasa tumenyamaza ili tuwasikilize. Kalamu zetu ziko tayari, na tutawasomea tulichoandika kabla hatujateremka.